Nilivyopata Njia ya Kuzipima Slasha za Zamani kwa Macho ya Leo

Wapenzi wa filamu za kutisha wanaujua ubishi huu. Mmoja atasema kwamba slasha za miaka ya 1970 na 1980, zile ambamo muuaji anawawinda vijana mmoja baada ya mwingine, ni filamu za kuwachukia wanawake tangu mwanzo hadi mwisho. Mwingine atamjibu kwamba si haki kuipima kazi ya zamani kwa siasa za leo. Katika ukoo wetu ubishi huo ulikuwa kati ya binti wa kaka yangu, ambaye yuko chuo kikuu, na baba yake, aliyezitazama filamu hizo kwenye kanda za video enzi za ujana wake. Kwa kuwa mimi huandika uhakiki wa filamu, nilitakiwa niwaamue. Nilipowasikiliza kwa makini niligundua kwamba walikuwa wakigombania sifa ya filamu hizo, kwa maana hakuna kati yao aliyetaja hata tukio moja lililomo ndani yake.

Basi nikachukua daftari nikaanza kuzitazama upya, kwa kufuata miaka zilipotoka, na kwa kila filamu nikajibu maswali machache: nani anauawa, kamera inakaa naye muda gani kabla hajafa, nani anaamua jambo lolote la maana, na nani anaaminiwa anaposema kwamba kuna hatari. Swali hilo la mwisho niliongeza baadaye, na ndilo lililonifaa kuliko mengine yote.

Nilianza na Black Christmas, filamu ya Kanada ya mwaka 1974 iliyoongozwa na Bob Clark. Mhusika wake mkuu, Jess, ni mwanafunzi mwenye mimba ambaye ameamua kuitoa, na mpenzi wake Peter anapomshinikiza waoane anamjibu kwa utulivu kwamba ana mipango yake ya maisha na hatakubali kuiacha. Ikumbukwe kwamba sheria ya Kanada wakati huo iliruhusu jambo hilo pale tu kamati ya madaktari wa hospitali ilipoidhinisha, na Mahakama ya Juu haikuibatilisha hadi mwaka 1988. Anayeuawa mwanzo kabisa ni Clare, msichana mpole ambaye mwenzake amemkejeli kwa ubikira wake, na Jess anaishi hadi mwisho. Clare anapotoweka na watu kwenda kutoa taarifa, askari wa zamu anaichukulia kimzaha, kwamba huenda msichana yuko mahali na mpenzi wake. Tulipofika hapo binti wa kaka yangu, niliyekuwa nikitazama naye, aliniuliza, "Shangazi, hii umesema ni ya mwaka gani?"

Swali lake lilinifungua macho kuhusu kanuni tuliyozoea kuirudia, kwamba katika slasha bikira hupona na anayefanya mapenzi hufa. Watazamaji wengi wa leo hawakuipata kanuni hiyo kwenye filamu za zamani. Waliisikia kwa mhusika anayeitwa Randy katika Scream ya mwaka 1996, ambaye anawasomea wenzake masharti ya kunusurika huku filamu ya Halloween ikionyeshwa kwenye televisheni sebuleni. Wes Craven, aliyeiongoza filamu hiyo, alikuwa akiichezea kanuni hiyo ili aivunje, maana msichana wake Sidney analala na mpenzi wake na bado anapona. Sisi tumeibeba dhihaka hiyo na kuifanya hati ya mashtaka.

Halloween yenyewe, ya mwaka 1978, ndiyo iliyonichukua muda mrefu. Iliongozwa na John Carpenter, naye aliiandika pamoja na Debra Hill, ambaye pia alikuwa mtayarishaji na ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya mazungumzo ya wasichana. Ukiwasikiliza Laurie, Annie na Lynda wakirudi nyumbani na vitabu vyao, utasikia watu wanaojuana kwelikweli. Laurie, ambaye ndiye anayepona, si malaika: anavuta bangi garini mwa Annie, na anamtamani mvulana fulani ila anaona haya. Annie naye anauawa kabla hajamfikia mpenzi wake. Anaingia garini kwenda kumchukua, anashangaa kuona vioo vimejaa ukungu, na hapo hapo anakabwa koo kutoka kiti cha nyuma. Hadi hapo kanuni ya bikira imeyumba.

Lakini nilipoligeukia swali la kamera, filamu ilianza kushtakika. Bob, mpenzi wa Lynda, anakufa haraka: ananyanyuliwa, anachomwa kisu, anabaki amening'inia, na muuaji, Michael Myers, anasimama akimtazama huku akiinamisha kichwa upande huu na upande ule. Mauaji ya Lynda yanavutwa. Muuaji anajifunika shuka, anavaa miwani ya Bob juu yake, na kusimama mlangoni kimya wakati msichana, akidhani ni mpenzi wake, anamtania na kujifunua kifua. Kisha anapompigia Laurie simu ananyongwa kwa waya wa simu hiyo hiyo, na Laurie upande wa pili anadhani sauti anazosikia ni utani wa Annie. Niliandika daftarini kwamba mwili wa Lynda umetandazwa mbele ya mtazamaji kabla ya kifo chake kwa namna ambayo mwili wa Bob haukufanyiwa, na kwamba hili ni shtaka halali, liwe limeletwa mwaka 1978 au leo.

Friday the 13th ya mwaka 1980 ilinipa ushahidi wa namna hiyo hiyo kwa hesabu. Muuaji, ambaye ni mama mwenye uchungu wa mwanawe, anaua watu 9, na kati yao 5 ni wanaume. Kwa idadi tupu mtu angesema wanaume ndio walioonewa. Hata hivyo Ned na Bill hatuwaoni wakiuawa, na Steve anamalizwa kwa sekunde chache, ilhali Annie wa filamu hii anakimbizwa msituni akilia na kuomba, na Marcie tunakaa naye bafuni akiwa na nguo za ndani hadi shoka linapomfikia. Kuhesabu maiti peke yake hakutoshi, na nawashangaa wanaodhani kunatosha.

Kaka yangu aliendelea kushikilia kwamba viwango hivi ni vya leo. Hoja hiyo nilimjibu kwa historia: mwaka huo huo wa 1980, wahakiki wa Marekani Gene Siskel na Roger Ebert walitumia kipindi kizima cha televisheni kulaani filamu zinazofanya mateso ya wanawake kuwa burudani, huku wakiitoa Halloween kwenye kapu hilo. Mwaka 1987 msomi Carol J. Clover alichapisha makala iliyomtambulisha msichana wa mwisho, yule anayebaki hai, akieleza jinsi mtazamaji wa kiume anavyoanza na macho ya muuaji na kumalizia na macho ya msichana huyo. Clover mwenyewe alionya kwamba si busara kumshangilia kama ushindi wa wanawake. Kwa hiyo kiwango ninachokitumia kilikuwapo sinema hizo zilipokuwa bado zinatengenezwa, na walioziongoza walikuwa wakikisikia masikioni.

Sikutaka pia kuamua kwa kuangalia nani ameshika kamera. The Slumber Party Massacre ya mwaka 1982 iliandikwa na Rita Mae Brown, mwanaharakati anayejulikana wa haki za wanawake, na kuongozwa na mwanamke, Amy Holden Jones. Mzaha wake uko wazi, maana muuaji anatembea na keekee ndefu ambayo mwishoni inakatwa kwa panga. Pamoja na hayo yote, tukio la wasichana wakioga limerekodiwa kwa uchu ule ule wa filamu zinazodhihakiwa.

Swali la nani anaaminiwa ndilo lililonipa hukumu niliyoweza kuitetea mbele ya wote wawili. Katika Halloween Laurie anagonga mlango wa jirani akipiga mayowe. Taa inawashwa, mtu anachungulia, kisha taa inazimwa. Katika A Nightmare on Elm Street ya mwaka 1984 Nancy anasema wazi nani anawaua rafiki zake, na jibu la mama yake ni kuweka vyuma madirishani na kumfungia ndani, huku baba yake, ambaye ni polisi, akichelewa kuja wakati alioombwa. Nancy anatega mitego yake mwenyewe. Filamu hizi zinaujua vizuri upweke wa msichana asiyeaminiwa, na zinaueleza kwa ukweli ambao drama nyingi za heshima za wakati huo hazikuufikia. Lakini kamera yake mara nyingi inafanya dhambi ambayo hadithi yake inailaani. Nilikataa kufuta upande mmoja kwa ajili ya mwingine.

Iliyobaki kuwa ngumu ni Sleepaway Camp ya mwaka 1983, ambayo mshtuko wake wa mwisho ni kufichua kwamba Angela alizaliwa mvulana na shangazi yake akamlea kama msichana. Hapo mwili wa mtu ndio uliofanywa kitisho chenyewe, na sikuona tukio lolote ndani yake la kuupunguza uzito huo. Kaka yangu, ambaye alikuwa ameitetea kila filamu niliyomtajia, hiyo hakuitetea. Binti yake ameomba niwaazime Black Christmas, aitazame na wenzake chuoni.