Boriti ya Chumba cha Ndani

Nyumba ya bibi yetu, Lamu, ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na kama nyumba zote za kale za pale, vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba. Wageni hudhani wazee walipenda kubanana. Sababu ni mkoko, mti wa kwenye tope la pwani unaotoa boriti za dari. Boriti iliyonyoka, yenye nguvu ya kubeba dari la mawe, haipatikani kwa urahisi ikiwa ndefu zaidi ya mita 3 hivi, basi ukuta na mwenzake haviwezi kuachana kupita hapo. Mji Mkongwe wa Unguja ni hivyo hivyo, na nyumba nyingi za zamani za Kuwait na Bahrain pia, kwa kuwa boriti zao zilitoka kwetu, zikipakiwa majahazini na kupelekwa na upepo wa kusi. Kenya ilipiga marufuku kuuza mikoko nje ya nchi mwaka 1982, na biashara ikabaki ya humu humu.

Masika moja, miaka michache baada ya hapo, boriti ya chumba cha ndani ikapasuka. Dari lilikuwa likivuja siku nyingi na hakuna aliyejali mpaka vumbi la chokaa lilipoanza kumwangukia bibi kitandani. Akamwita mjomba, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kukata mikoko.

"Nakutaka uniletee boriti moja, ya haki," akamwambia. "Usiniletee mazio ukaniambia ni boriti. Mimi nimezaliwa ndani ya nyumba hii."

Mjomba alicheka, lakini bibi hakuwa anatania. Miti hiyo ina madaraja yake kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, vigingi, na mwenye kuuza huuza kwa korija, yaani miti 20. Mjomba alikuwa na kibali na oda ya korija kadhaa za pau na mazio, akasema boriti ya mama yake itapatikana humo humo. Likizo ya Agosti ikaingia, nikaomba kwenda.

Tulingoja bamvua, maji yanapojaa sana. Maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, hayafai kwa kazi ile, kwa sababu mashua haifiki ndani ilipo miti, na ikifika haitoki na mzigo. Mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, tuliupita maji yamejaa, upondo wa kusukumia mashua mkononi, kisha tukapanda tanga kuelekea kaskazini. Mwenye kuijua Lamu anajua kwamba zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko huko, lakini kujua ni kitu kimoja na kukaa ndani yake na mbu wake ni kitu kingine.

Ukiingia kutoka majini unakutana kwanza na milana, aina moja ya miti ya humo, iliyozungukwa na mizizi inayochomoza kutoka kwenye tope kuangalia juu. Wavuvi huikata hiyo mizizi wakatengeneza vyelezo vya nyavu. Nyuma yake ndiyo mikoko yenyewe, imesimama juu ya mizizi iliyopinda kutoka shinani. Halafu mikandaa, na mwisho kabisa, nchi kavu inapokaribia, mchu. Baharia mmoja alinipa jani la mchu nililambe. Lilikuwa na chumvi kavu juu yake, nyeupe, ya kuonekana kwa macho. Mchu huitoa chumvi kwa majani, ilhali mkoko huizuia nyingi yake huko huko mizizini.

Kutembea mle ni kukanyaga mizizi, si tope. Nilijifunza hilo baada ya kuzama hadi magotini na kukatwa wayo na chaza walioganda shinani. Mjomba alinisafisha kwa maji ya bahari, akanifunga kitambaa, akanipa tunda la mkomafi, mti mwingine wa humo, kahawia, kubwa kuliko ngumi zangu mbili, ili nikae mashuani nisimsumbue. Nilipolipasua likaachana vipande vipande, mbegu zenye pembe, kila moja na umbo lake. Kazi ni kuzirudisha zikawa mpira tena. Nilishinda nazo mpaka alasiri na sikuweza. Baharia yule alizirudisha huku akizungumza mambo mengine.

Siku ya kutafuta boriti niliruhusiwa kufuatana na mjomba. Kukata kulichukua dakika chache tu, kuchagua ndiko kulikokula asubuhi nzima. Alikuwa akigonga shina kwa kisogo cha shoka, akiangalia juu, akipita. Nikamwonyesha mmoja, mnyoofu kabisa.

"Huo una watoto," akasema.

Kweli, matawini ilining'inia miche ya kijani, mirefu kuliko mkono wangu kutoka kiwikoni. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mama yake, na ikidondoka huchoma tope ikasimama, au huelea ikaenda kushika mahali pengine.

"Mchu ukiukata unachipua," akaniambia. "Mkoko haurudi. Ukikata shina, umekwisha. Sasa nikikata na wenye watoto, wewe utakuja kukata nini?"

Leo nikisikia watu wakisema wakata mikoko wote ni maadui wa msitu, huwa sina subira nao. Nimeyaona machaka yaliyofyekwa, sikatai. Tope tupu lenye chumvi, hakuna hata mche. Lakini hayo ni ya mnunuzi anayetaka kila kitu, kutoka fito hadi kigingi, kwa ajili ya tanuri la chokaa. Mtu wa kuchagua mti mmoja mmoja hawezi kuacha jangwa.

Mti uliopatikana ulikuwa kando ya kijito, hauna miche, umebanwa na wenzake hata ukalazimika kunyoka. Tukauangusha, tukaumenya gome papo hapo. Ndani ya gome ni nyekundu, na mikono yangu ilikaa na rangi ile hata shule ilipofunguliwa. Kurudi, tulichelewa kidogo tu, maji yakatukimbia. Tukapwelewa na mashua imelalia ubavu, tukalala vivyo hivyo juu ya mzigo.

Fundi alipoitoa boriti ya zamani ukutani, ncha zake mbili zilikuwa nzima kabisa, mchwa hawajazigusa. Katikati tu, palipovuja, ndipo palipooza. Akataka kuitupa yote. Bibi akakataa. Ncha moja ikakatwa ikawa kizingiti cha juu cha mlango wa jikoni. Nyingine alisema ni kuni, na kuni za mkoko uliokauka miaka mingi zina moto mkali sana. Akapikia wali wa nazi wa mafundi. Ukaungua chini, ukashika ukoko mnene, bibi akamlaumu kila aliyekuwa karibu. Mjomba alisema yeye anautaka huo ukoko, akaukwangua sufuriani kwa kijiko akaumaliza peke yake.