Nilivyojifunza gitaa kavu kwa tyuni ya G

Kila niliyemuuliza hapa Arusha nianzeje kujifunza gitaa alinipa jibu lile lile: ishinde kwanza kodi ya F (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), mambo ya vidole baadaye. Ushauri huo umewakatisha tamaa watu wengi ninaowajua, na bado unanikera. Mimi nililegeza nyuzi, mkono wa kushoto ukapumzika, wa kulia ukajifunza kazi yake. Leo napiga besi na sauti ya wimbo kwa pamoja, peke yangu.

Tyuni yenyewe, yaani sauti ambayo kila uzi umewekwa, kuanzia uzi mnene (wa sita) hadi mwembamba (wa kwanza), ni D G D G B D. Uzi wa nne, wa tatu na wa pili huzigusi. Hizo ndizo zinazokuongoza: legeza wa sita hadi uwe oktavu moja chini ya wa nne (sauti ile ile, ila nzito zaidi), wa tano oktavu moja chini ya wa tatu, wa kwanza oktavu moja juu ya wa nne. Programu ya simu ya nini? Charaza bila kubonyeza chochote, hiyo ni kodi nzima ya G. Laza kidole kimoja freti ya 5 (freti ni vile vyuma vya kukata shingo ya gitaa) upate C, ya 7 upate D. Mapambio mengi hayadai zaidi ya hapo.

Kuna mpiga gitaa mmoja anayeheshimika mtaani kwetu aliyekataa katakata. "Uzi uliolegea hauna sauti, kaza!" Akalichukua gitaa langu alipandishe lifike E A E A C# E. Uzi wa nne ukakubali, wa tatu ukakubali. Alipofika wa pili, ukaanza kulia kwa sauti nyembamba, naye anazungusha tu, hadi ukakatika pwaa na kumchapa kidoleni. Akasema uzi ni feki. Tukafunga mwingine, nao ukaenda vile vile. Nilipoinamisha gitaa nikaona daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi tumboni mwa gitaa, limeanza kubanduka. Gundi, fundi na nyuzi mpya, ikanitoka elfu thelathini na kitu.

Jambo moja alilosema lina ukweli: nyuzi zikilegea sana hugonga freti zikakoroma. Dawa yake ni kufunga nyuzi nene kidogo, namba 13 badala ya 11.

Kazi kubwa ni kidole gumba. Besi ya G inaanzia uzi wa tano, siyo wa sita. Keith Richards, mpiga gitaa wa Rolling Stones, hata aliuondoa wa sita kabisa kwenye magitaa yake ya tyuni hii. Gumba liende wa tano, wa nne, wa tano, wa nne, lisisimame kwa lolote. Nilikuwa nalizoeza dukani, Ngarenaro, ninakouza vipuri vya baiskeli. Mtoto akipita, "Shikamoo!" Naitika "Marahaba, hujambo?" gumba linaendelea. Mteja akiuliza bei ya tairi, namjibu, gumba linaendelea. Siku nilipoweza kubishana bei bila besi kuyumba, ndipo nikaruhusu kidole cha shahada kiguse uzi wa kwanza. Na usiambiwe lazima vidole vinne: Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga huko Kongo, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, alitumia gumba na shahada tu, na mpaka leo watu wanahangaika kumfuata.

Kwenye kipaimara cha binti wa dada yangu niliombwa kupiga. Shangazi akaanzisha wimbo kwa sauti ya juu kuliko G yangu, na shangazi akishaanza habadilishi. Kapo, kile kibano cha shingo kinachopandisha sauti ya nyuzi zote, sikuwa nayo. Nikachukua penseli ya mtoto, nikailaza juu ya nyuzi freti ya 2, nikaikaza kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, nikazungusha nyuma ya shingo mara mbili na kuchomeka ncha. Chagua penseli yenye pembe, ya mviringo huteleza. Na utepe uvute kwa nguvu sawa pande zote, la sivyo uzi wa kwanza unakufa.

Nikacharaza: E A E A C# E. Sauti zile zile zilizotukatia nyuzi mbili, safari hii bila kukaza uzi hata mmoja, na wimbo ukaenda hadi beti ya mwisho.