Marudio ya Nzega: kwanza natoa zebaki ndo naliji dhahabu

Huku kwetu Nzega, Tabora, watu wanajua marudio, yani mchanga uliobaki baada ya kuosha dhahabu, ni mali. Kwenye mwalo, pale mchanga unapooshwa, zebaki inakamata dhahabu kidogo, mara nyingi haifiki nusu, inayobaki iko kwenye mchanga, so anaenunua marudio akayaliji kwenye vati, yani akayaloweka kwenye tangi kubwa lenye dawa ya sayanaidi inayoyeyusha dhahabu, anapata hela nzuri tu. Kilichokua kinaninyima usingizi ni hiki, mchanga ule una zebaki, na sayanaidi haichagui, inayeyusha dhahabu na zebaki inaibeba humohumo, alafu inatembea na maji mpaka kwenye visima vyetu. Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania iliridhia 2020, unataja kabisa kuliji mchanga wenye zebaki bila kuitoa kwanza kama kitu cha kukomesha, na mi niko nao mia kwa mia mana maji ya hapa ndo nayokunywa na wanangu.

Sa nikaamua mchanga wote upite tena kwenye kialo, ule mfereji wa kuoshea, kwanza, maji ya taratibu, na mwishoni nikafunga bati za shaba zilizopakwa silva, zebaki ikipita pale inanata na inakuja na dhahabu iliyokua imeshakamatwa ikaponyoka. Mzee mwenye mwalo akaniambia "mwanangu, huo tushaumaliza," nkamwambia baba we subiri uone. Tukakwangua bati, tukakamua kwenye kitambaa, kile kidonge cha zebaki na dhahabu kikaingia kwenye ritoti ya chuma, yani chungu cha kuchomea zebaki, imefungwa kabisa, bomba lake linashuka kwenye ndoo ya maji. Hapa kuweni makini jamani, mdomo wa bomba usizame, uguse juujuu tu na uzungushie kitambaa kibichi, mana ritoti ikipoa inafyonza maji na chuma cha moto kikikutana na maji kinalipuka! Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357, mvuke wake hauonekani wala haunuki, ndo mana kuchoma kwenye kikaango wazi ni kuwaua watu polepole.

Ndoo ikakusanya zebaki, ndani ikabaki dhahabu, mzee akaomba nimpeleke kwa fundi aliyeichomelea ile ritoti.

Baada ya hapo ndo vati. Chokaa kwanza, pH, kile kipimo cha asidi, ifike 10.5 hadi 11, ikishuka sana sayanaidi inageuka gesi na hiyo inaua palepale. Kaboni, ule mkaa unaonasa dhahabu kwenye maji ya vati, ikishashiba naipeleka elusheni, yani kutolewa hiyo dhahabu. Maji yaliyobaki yanazungushwa kwenye vati linalofuata, bwawa nimelitandika turubai nzito na kulizungushia fensi ya miiba sababu ng'ombe wa watu wanapita.