Bei ya Bastola Kuukuu Iliyong'arishwa Upya

Kwetu Tanga, mtu akikarabati kitu cha zamani kabla ya kukiuza, hutarajia fedha alizomlipa fundi zirudi pamoja na faida. Baiskeli iliyopigwa rangi upya Ngamiani huuzwa ghali kuliko ile yenye kutu, wala hakuna anayeona ajabu. Ndiyo maana nilipokuwa likizoni nyumbani pamoja na shemeji yangu, ambaye naye amehamia Marekani, wazee waliokuwa barazani Chumbageni walishangaa kunisikia nikisema kwamba bastola yake ya kale, aliyoinunua ikiwa imesafishwa na kung'arishwa mpaka inameta, itauzwa kwa bei ndogo kuliko nyingine ya aina hiyohiyo iliyochakaa lakini haijaguswa na fundi. Kazi yangu huko ni katika duka la silaha za kale, na swali hili huulizwa mara kwa mara na ndugu zetu walio ughaibuni. Kwa hiyo ninaona vema kulijibu kwa kirefu.

Bastola yenyewe ni Webley Mark VI, ya Kiingereza, yenye silinda ya risasi sita, na hukunjuliwa katikati ili maganda yote yatoke kwa pamoja. Aliyemuuzia alimwambia kwamba ilibebwa na ofisa wa Kiingereza katika vita vya Tanga, na mzaliwa wa Tanga akielezwa jambo kama hilo ni vigumu asivutiwe. Lakini vita hivyo vilipiganwa kuanzia tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, wakati kikosi kilichotoka India kiliposhuka Raskazone na kushindwa na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ilhali jeshi la Uingereza lilianza kutumia Mark VI mwezi Mei 1915. Ofisa aliyeshuka Raskazone angeweza kuwa na Mark IV au Mark V, lakini si hii. Hadithi isiyo na karatasi huongeza bei kidogo sana hata ikiwa inawezekana. Ikiwa haiwezekani, humfanya mnunuzi atilie shaka na mengine yote anayoelezwa.

Kinachopunguza thamani zaidi ni ule mng'aro. Mkusanyaji wa silaha za kale hulipia ngozi ya chuma jinsi ilivyotoka kiwandani, hata kama weusi wake umefifia kwenye ncha ya mtutu na pembeni, mahali palipokuwa pakisuguana na ala. Ili kuipaka rangi upya, fundi hulazimika kwanza kuondoa kutu kwa msasa au kwa mashine, na chuma kinachoondoka hakirudi. Kingo zilizokuwa kali huwa za mviringo, midomo ya matundu ya skrubu hubonyea, na maandishi ya kiwanda, mwaka, pamoja na alama ya mshale ya serikali ya Uingereza hubaki hafifu, kana kwamba yameandikwa kwa penseli. Ukiiinamisha bastola ya shemeji chini ya taa utaona pia vishimo vya kutu ya zamani vilivyofunikwa na weusi mpya unaometa. Mnunuzi mzoefu huviona kabla hajauliza bei.

Lipo jambo la pili, na kwa maoni yangu ni zito zaidi kwa sababu linagusa usalama. Mark VI iliundwa kwa risasi za kipimo cha .455 (sehemu ya inchi), lakini nyingi zilizouzwa Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilikatwa sehemu ya nyuma ya silinda ili zitumie risasi za .45 za jeshi la Marekani, zilizokuwa rahisi kupatikana. Ya shemeji ni mojawapo. Risasi hizo za kiwandani hutoa shinikizo kubwa kuliko lile lililokusudiwa kwa silaha hii, na ninamsihi kila anayemiliki bastola iliyokatwa hivyo asizitumie. Kwa mkusanyaji, silinda iliyokatwa haiwezi kurudishiwa chuma chake, kwa hiyo bei hushuka tena.

Unapokadiria, usianze na gharama ya fundi ukaijumlisha. Anza na bei ambazo bastola za namna hiyohiyo, yaani zilizong'arishwa na kukatwa silinda, zimekwisha kuuzwa mnadani. Bei ambazo wenye mali wanazitangaza ni matumaini yao tu. Usipopata za kulinganisha, dukani kwetu tumezoea kuanzia karibu nusu ya bei ya ile yenye rangi ya asili, kisha tunatazama kama namba za fremu, mtutu na silinda zinafanana, kama silinda imetulia nyundo inapovutwa, na kama ndani ya mtutu kumeliwa na kutu. Toa pia ada ya dalali na usafirishaji. Ukarabati husaidia pale tu silaha ilipokuwa imeharibika kiasi cha kutokuwa na rangi ya asili ya kuokoa, nao umefanywa na fundi bingwa aliyetoa maelezo ya kazi yake kwa maandishi.

Kuhusu sheria, mkazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua silaha Marekani, lakini mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, na mauzo kwa mtu wa jimbo jingine hupitia kwa muuzaji mwenye leseni. Baba mkwe wa shemeji aliuliza kama bastola hiyo ingeweza kuletwa Tanga ikae nyumbani kama kumbukumbu. Nilimjibu kwamba Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kumiliki silaha bila leseni, na kwamba haiingizwi nchini sandukuni kama nguo. Shemeji ameamua kuiuza huko huko, na nimemwandalia tangazo linalotaja waziwazi rangi mpya na silinda iliyokatwa, bila neno lolote kuhusu vita vya Tanga.