Usiiuze rili ya zamani kwa kilo

Jamani nyote mlio na rili za zamani za kuvulia samaki ndani ya nyumba, zile za marehemu babu au zilizobaki boti za wageni zilipouzwa, nawaomba msizipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Naziona kila mara pale Shimanzi ndani ya magunia, imetupwa kwa sababu gia imekatika meno mawili au kijispringi kimepotea, na vitu vingine vyote ndani vizima kabisa. Inaniuma wallahi, manake kazi ile ya mkono na shaba nzito vile sa hizi huzipati dukani, na ukikaa nayo chini vizuri hapa hapa Mombasa inarudi baharini ikavuta jodari.

Nyingi zilizoko pwani yetu ni Penn. Hiyo kampuni ilianzishwa 1932 kule Philadelphia, Marekani, na Otto Henze, Mjerumani aliyehamia huko, halafu 1936 wakatoa Senator, ndo ile kubwa ya kurambaza nduaro, yaani kuvuta chambo nyuma ya boti, unayoiona na plaiti zake nyeusi za bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani. Kitu kizuri cha Penn ni namba. Kila kipande kina namba yake na haibadiliki kutoka rili moja hadi nyingine, gia kubwa ni 5, washa za breki ni 6, pinioni, ile gia ndogo, ni 13, halafu nyuma yake unaweka namba ya modeli. Senator ya saizi 4/0 ni 113, 6/0 ni 114, 9/0 ni 115. Kwa hivyo ukitaka gia kubwa ya 6/0 unaandika 5-114 na muuzaji akiwa Marekani au Australia anajua unachotaka hata kama hamuelewani lugha. Na ikiwa rili yako imeandikwa H mwishoni usiiache, hiyo sio pambo, kuna vipande havioani na vya ile isiyo na H.

Kabla ya kuagiza lakini tafuta rili mfu ya modeli ile ile. Mimi naona hii ndo njia bora kuliko zote, kwanza bei yake ni nafuu kuliko kununua gia moja na kulipia usafiri wake, pili unapata skrubu za asili, na skrubu ndo shida yenyewe. Zile nyuzi za Penn ni za inchi, sa mtu akikosa anachukua skrubu ya milimita ya pikipiki anailazimisha, inaingia raundi mbili halafu inakula tundu la shaba na hapo umeharibu plaiti nzima. Skrubu ikikwama kwa chumvi usiipige. Tia mafuta ya kupenya uiache ilale hata siku kadhaa, halafu weka ncha ya pasi ya kulehemu juu ya kichwa cha skrubu ipate moto kidogo, kisha bisibisi inayojaa ule mfereji sawasawa, isiyocheza. Ikikataa rudia tena, na tena.

Kisichopatikana inabidi kitengenezwe, na hapa nasema jambo moja tu muhimu, USITUPE KILICHOVUNJIKA. Hata kikiwa vipande vitatu weka kwa chupa. Bila hicho fundi atakisia na gia haikisiwi.

Watu wengi wanakimbilia kwa fundi wa kuchomelea. Mimi naenda kwa fundi saa kwanza. Na hii sio mapenzi yangu tu, zile rili za Mitchell za Ufaransa zilitengenezwa Cluses, sehemu ya mafundi saa tangu zamani, na ABU ya Sweden ilianza 1921 ikiwa kiwanda cha saa kabla ya kuingia rili na kutoa Ambassadeur 1952. Yaani vitu hivi vilifikiriwa na watu wa saa. Mzee mmoja upande wa Mwembe Tayari ninayempelekea, nilipomfungulia ABU mara ya kwanza alivaa lenzi yake akaangalia kimya, akaniambia, "Mwanangu, hii kazi naijua, niletee tu na kile kilichokatika."

Yeye ndo alinionyesha springi ya kikucha, kile kinachozuia mkono wa kuzungushia rili usirudi nyuma. Chukua waya wa gitaa, ule mwembamba usiozungushiwa kitu, ni chuma kigumu na hakichoki haraka. Unauzungusha kwenye msumari ulio mwembamba kuliko springi unayoitaka, manake ukiuachia tu unafunguka unapanuka. Ukiuzungusha kwa msumari wa kipimo kile kile springi inatoka pana na haikai kitakoni. Zile ncha anazikunja kwa koleo ya mdomo mwembamba, polepole, bila moto, moto unaua ugumu wote. Ule waya ni wa chuma cha kawaida sio stenlesi, kwa hivyo grisi isikosekane la sivyo kutu itaumaliza.

Gia ni habari nyingine. Rili nyingi za kurambaza meno yake yamelala mshazari kwa hivyo fundi wa kukereza wa kawaida hawezi, anahitaji mashine ya kukata meno, na inabidi uhesabu meno ya zote mbili kubwa na ndogo, upime upana wake kwa kalipa na uwapelekee wenye mashine hiyo zote mbili pamoja. Shaba nzuri ya kukatia gia kubwa inatoka kwa propela kuukuu ya boti, hiyo wauza chakavu wanayo, wala sio shaba ya mabomba ya maji ambayo ni laini mno. Na usikubali zote mbili ziwe stenlesi, zitakwanguana na kung'ang'aniana, moja iwe shaba. Ile ya shaba ndo italika, sawa, hiyo kubwa unaweza kuikata nyingine.

Bakelaiti iliyopasuka msiiguse na moto! Hairudi kuyeyuka kama plastiki ya kawaida, inaungua tu. Safisha mafuta yote kwa spiriti, gundi ya epoksi, funga kwa kamba usiku kucha. Kwa upande wa mkono ambako nguvu inakaa sijaridhika nayo, pale natafuta plaiti nzima. Kijipini cha kushikia cha mbao fundi wa samani anakichonga vizuri sana, mvule au mwembe mkavu, hilo jepesi.

Washa za breki ndo rahisi. Zamani zilikuwa ngozi, nyingine zilikuwa na asbesto, kwa hivyo zile ngumu za kijivu msizisugue kavu, lowesha kwanza na usivute ule unga. Ukitaka kuzibadilisha za kaboni zinakatwa kwa vipimo vingi na zinabeba nduaro bila kuungua. Lakini kwa rili ya babu isiyoenda kupigana na samaki mkubwa fundi viatu anakukatia ngozi ya soli nyembamba, unailoweka mafuta unaikandamiza, na inateleza laini bila kushtuka, nguru na kolekole wanatosha kabisa hapo.

Kaskazi inakuja na watu wataanza kutoa vyombo. Saa hii natafuta Senator 113 yoyote mfu, hata imekula kutu nje, bora plaiti ya upande wa mkono isiwe imepasuka. Ukiwa nayo Likoni, Mtwapa, popote, niambie nakuja mwenyewe, na ukiwa na rili nzima iliyokosa kitu kimoja leta tuone kama kwenye chupa zangu kuna kinachoingia.