Kidonda cha unyayo na pedeli ya cherehani

Mimi ni fundi cherehani, Isevya, Tabora mjini. Kisukari nimekuwa nacho tangu 2013. Kidonda ninachotaka kusimulia kilinitoka Januari 2021, mwezi ambao fundi wa sare za shule halali. Nilikuwa nashona toka alfajiri mpaka usiku, mguu wa kulia juu ya pedeli, peku, kama alivyonifundisha marehemu mama, maana ukivua viatu unaisikia mashine vizuri. Kumbe mguu wangu ulikuwa umeacha kuisikia siku nyingi.

Chini ya unyayo, pale nyuma ya dole gumba, nilikuwa na sugu. Fundi gani wa pedeli hana sugu? Ikizidi naichonga kwa wembe, maisha yanaendelea. Siku moja binti yangu anapiga deki akaniuliza, "Mama, mbona umekanyaga damu?" Akafuata madoa sakafuni mpaka kwenye kiti changu. Nilipoinua mguu, sugu ilikuwa imepasuka katikati, pembeni yake weusi wa damu iliyolala, na tundu lake linatosha kumeza kifungo cha shati. Nikalibonyeza kwa kidole. Hakuna maumivu. Nikafunga kitambaa, nikarudi kwenye sketi za watu, kwa sababu kitu kisichouma nilikihesabu si ugonjwa.

Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Zahanati moja niliyokwenda walinipa vidonge vya antibiotiki na dawa ya kupaka, wakaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Jirani yangu, mtu wa Sikonge, akaniletea asali ya mzinga wa porini, nzito, nyeusi. Nilikuwa napaka kila jioni kwa moyo mweupe. Usiku wa nne nikaamka kwenda chooni, nikawasha taa, nikaona sisimizi wamejipanga kutoka ukutani, juu ya shuka, wanaingia ndani ya bandeji yangu. Wametembea juu ya nyama yangu sijui saa ngapi na sikusikia hata mmoja. Nililia usiku ule. Asali siidharau, nasikia hospitali nyingine hutumia asali iliyosafishwa maalumu kwa vidonda. Lakini hii ya mzinga, kwenye tundu la mguu uliokufa ganzi, mwenzangu usiiweke.

Asubuhi yake nilikwenda kliniki ya sukari. Muuguzi alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. "Shikamoo mama. Naomba uvue viatu, vyote viwili." Nataka msomaji aelewe uzito wa maneno hayo. Miaka yote niliyokuwa nahudhuria huku na kule nimepimwa sukari, nimepimwa presha, nimepewa vidonge, na hakuna aliyewahi kuniambia nivue viatu.

Alitoa kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni, ambao hupinda ukifikia nguvu ya gramu 10. Akaniambia nifumbe macho, nikiguswa niseme ndiyo. Nilikaa kimya nikingoja aanze. Nilipofumbua macho alikuwa ameshamaliza mguu wa kulia.

Akaweka vidole juu ya mguu, kisha nyuma ya kifundo, akitafuta mapigo ya damu. Yalikuwepo. Alisema hiyo ni bahati yangu kubwa, kwa sababu mguu usiofikiwa na damu ni habari nyingine, huo unahitaji daktari wa upasuaji haraka. Daktari naye akachunguza kwa kichuma chembamba kama kinagonga mfupa, wakapiga eksirei. Mfupa ulikuwa salama. Kisha wakaondoa sugu yote kuzunguka tundu, na kidonda kikaonekana kikubwa mara mbili ya nilichokuja nacho. Nilitishika. Muuguzi akasema, "Hakijakua mama, kilikuwa kimejificha. Sugu ni kama jiwe ndani ya kiatu, kila hatua inakuchimba."

Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza kabla: "Cherehani unaendesha kwa mguu gani?"

Alinieleza hivi. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, na ile ya miguuni huanza kwa kuwa ndiyo mirefu kuliko yote. Mtu ambaye miguu yake inahisi akikanyaga msumari anachechemea, na kule kuchechemea ndiko kunakomponya, maana anaupumzisha mguu bila kuambiwa. Mimi sikuchechemea. Nilitembea sawasawa juu ya kidonda, na kazini nikakisaga juu ya chuma cha pedeli siku nzima. Dawa ya kupaka haiwezi kushindana na hilo. Alisema wazi kwamba kidonda cha namna yangu hakiponi kwa dawa peke yake, kinapona kisipokanyagiwa.

Nikamwuliza, nisipokanyaga nitakula nini?

Tulikaa tukapanga. Aliniwekea felti nene, kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa, imekatwa kama herufi U, ikazunguka kidonda ili uzito ushuke pembeni na tundu libaki linaning'inia hewani. Msikate wenyewe nyumbani, ukingo ukikaa vibaya unatoboa mahali pengine. Fundi viatu wa sokoni akanitengenezea kandambili pana kwa maelekezo ya muuguzi: chini soli ngumu isiyokunjika, juu sponji laini, na mikanda ya kufunga isipwaye. Nikapewa magongo. Kwa muda ule wakanihamishia kwenye insulini, na antibiotiki nilizokuja nazo zikaachwa, maana hakukuwa na usaha wala wekundu. Antibiotiki haifungi tundu, inaua wadudu walioingia.

Pedeli ndiyo ilikuwa shughuli. Mwanzoni nilijaribu mguu wa kushoto, muuguzi akakataa kabisa: huo nao una ganzi, na sasa unabeba mwili wote. Nikaazima cherehani ya mkono kwa mjane mmoja mtaani kwetu, ile ya kuzungusha gurudumu kwa mkono wa kulia, na kushoto unaongoza kitambaa. Ni polepole, na mshono mrefu unayumba ukiwa peke yako. Kwa hiyo kazi tukagawana. Mwanafunzi wangu akapiga pedeli kwa sare zote, mimi nikawa nakata, naweka pindo, natoboa matundu ya vifungo, mguu umelazwa juu ya stuli wenye mto. Wateja niliwaambia ukweli. Wengine wakahama. Pato lilishuka karibu nusu kwa miezi mitatu, na shemeji yangu alitulisha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maharage wiki ambazo sikushika hata noti.

Magumu mengine ni yale madogo. Chooni usiku: niliweka ndoo chumbani, nikameza aibu. Hatua kumi za uani, mara nne kwa usiku, ndizo zinazorudisha kidonda nyuma, kwa sababu usiku hakuna anayefunga mikanda ya kiatu. Swala niliswali kwenye kiti. Udhu ulinisumbua mpaka shehe wa mtaa akanielekeza nipanguse tu juu ya bandeji kwa mkono wenye maji. Nashukuru niliuliza, wapo wazee wetu wanaolowesha kidonda mara tano kwa siku kwa kuona haya kuuliza.

Bandeji ilibadilishwa kliniki, na kila wiki waliipunguza sugu iliyoota ukingoni na kupima upana kwa rula. Daktari alisema ikifika wiki ya nne kidonda hakijapungua karibu nusu, lazima tutafute sababu, tusiendelee kufunga tu. Changu kilipungua zaidi ya nusu. Wiki ya 14 kikafunga.

Nilidhani nimemaliza. Muuguzi akaniambia kati ya watu 100 waliopona kama mimi, takriban 40 hurudiwa na kidonda ndani ya mwaka mmoja. Mishipa iliyokufa haifufuki, na unyayo ni ule ule. Kwa hiyo pedeli sikuirudia. Nilinunua mota ya mtumba, pedeli yake ya umeme naibonyeza kwa kisigino, nikiwa nimevaa kiatu, na umeme ukikatika narudi kwenye ile ya mkono, ambayo mjane alikubali kuniuzia. Wembe wangu wa sugu nilimkabidhi binti yangu, sugu sasa inapunguzwa kliniki. Mafuta ya mgando napaka unyayo na visigino, kwa sababu ngozi isiyotoa jasho inapasuka, ila katikati ya vidole sipaki, hapo pakiwa na majimaji panaoza. Baada ya udhu nafuta kila kidole kwa kitambaa. Kipupwe cha Juni na Julai kikija, nyumbani tukiota moto mimi nakaa mbali na jiko, maana nitaungua nikijua napata joto tu. Kiatu nakikung'uta na kuingiza mkono kabla ya kuvaa. Nyayo naziangalia kila usiku kwa kioo kidogo, siku macho yakichoka binti ananiangalizia.

Na chandarua nachomeka chini ya godoro pande zote, si kwa ajili ya mbu peke yake. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake wameandika kuhusu wagonjwa wa sukari wanaong'atwa na panya miguuni wakiwa usingizini, bila kuhisi. Baada ya wale sisimizi, sihitaji kushawishiwa.

Ukiona wekundu unapanda, mguu mmoja una joto kuliko mwenzake, uvimbe, harufu, homa, au sukari inapaa bila sababu, usingoje tarehe yako ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo, vua viatu hata kama hujaambiwa.

Kilichobaki kunitisha ni sindano. Chumba cha fundi kinadondosha pini kama mwembe unavyodondosha majani, na mguu wangu hautaniambia. Nimefunga sumaku ya spika mbovu kwenye kamba, kila jioni kabla ya kufunga duka mwanafunzi wangu anaiburuta sakafuni, chini ya meza, mpaka kwenye kona za mkeka. Juzi ilitoka na pini tatu na sindano moja iliyovunjika ncha. Tuliwasha tochi ya simu, tukaitafuta ile ncha mpaka adhana ya magharibi. Ilikuwa imesimama wima kwenye ukindu wa mkeka, mbele ya kiti changu.