Hilo la kunyamaza limetoka wapi?

Nimetoka sasa hivi kwenye kikao cha akina mama kanisani. Tulikuwa tunamfunda binti anayeolewa karibuni, somo Mithali 31.

Binti kaandika kwenye daftari: kuamka mapema, kupika, kunyamaza.

Mama mmoja mtu mzima akachungulia. "Hilo la kunyamaza umelitoa wapi, mwanangu? Hebu soma mstari wa 26."

Akasoma. Mke mwema hufumbua kinywa chake kwa hekima.

Jamani, alivyolikata lile neno! Kalamu ilitoboa karatasi.

Tena mstari wa 16 mke huyo mwema ananunua shamba, wa 24 anauza nguo. Na maneno ya sura hiyo ni ya mfalme Lemueli, aliyefundishwa na mama yake, kwa hiyo hata kina baba wana somo hapo (wanalikwepa tu 😄).

Wapendwa, ninyi mlipofundwa mliambiwaje kuhusu kusema na mume?